Sahani Kumi na Mbili

Mtu nisiyemjua akija kwangu na kalamu mkononi, mimi huanza kwa kuangalia viatu vyake. Vikiwa na vumbi la hapa, labda ametumwa na kanisa au na chama cha akina mama, na tunaweza kuongea. Vikiwa vinang'aa, ametoka ofisini, na ofisi haijawahi kunitembelea ikaniacha na zaidi ya nilivyokuwa navyo. Watu wanasema nina roho mbaya. Mimi nasema nimelelewa mpakani.

Mama yangu alikuwa mtu wa Funyula, lakini maisha yake aliyafanyia Busia, akivuka kwenda Uganda na kurudi mara tatu kwa siku. Alivuka na sukari imefungwa kiunoni chini ya leso mbili, na mimi nikiwa mgongoni. Askari akimuuliza amebeba nini, alijibu kwamba amebeba mtoto, na askari aliona mtoto kweli. Nilipofikia umri wa kujibu mwenyewe, alinifundisha: ukiulizwa una ngapi, gawanya kwa mbili, halafu gawanya tena, ndiyo utaje. Hilo nililijua kabla sijajua kusonga ugali.

Wanawake wa soko letu walikuwa na ishara yao pia. Wa kwanza kuona watu wa ushuru wakishuka kwenye gari alipindua beseni lake kifudifudi juu ya meza. Aliyekuwa karibu naye akiona, naye anapindua lake. Kabla hao watu hawajafunga milango ya gari, habari imefika mwisho wa soko na hakuna aliyefungua mdomo. Vitenge vinaingia chini ya viazi, mafuta yanaingia chini ya kitanda cha mtu, na kila mama anakaa na mafungu matatu ya nyanya kama mjane wa jana. Ishara hiyo tunaitumia hadi leo, Busia na Malaba, na hata huku ndani.

Niliolewa upande wa Chakol. Mume wangu alipofariki, nilienda Malaba kuwapikia madereva wa trela. Siku hizo foleni ilikuwa foleni. Dereva aliweza kukaa siku tatu akingoja karatasi zake, na mtu anayengoja anakula. Kisha wakajenga ofisi mpya, zile ambazo karatasi za nchi mbili zinapigwa mhuri mahali pamoja, na foleni ikaisha. Redioni walisema ni maendeleo. Dereva aliyekuwa akila kwangu mara sita kwa safari moja sasa alipita akinipungia mkono dirishani. Hakuna aliyekuja kutuuliza sisi wa masufuria tutaenda wapi, na sikutegemea aje.

Kwa hiyo niliposikia kwamba chuo kikuu kimoja cha mbali kinafungua tawi karibu na nyumbani, sikukimbilia. Wengine walipiga vigelegele siku ya kufungua. Mimi nilienda na chupa moja ya chai na kikapu kimoja cha mandazi, nikakaa mbali na lango mwezi mzima, nikiangalia kama hao wanafunzi ni wa kweli au wameletwa kwa ajili ya picha. Niliona vitanda vikishushwa kutoka kwa lori na nikajiambia kwamba vilivyokuja kwa lori vinaweza kuondoka kwa lori. Lakini walikuwa wa kweli. Walikuwa na njaa ya kweli. Mwezi wa pili nikajenga kibanda cha mabati mkabala na lango, na nikanunua sufuria kubwa, ile ya kupikia matangani. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, nimeshahama mara moja, na sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kibanda kile ndicho kilikuwa mwisho wangu.

Mahali palibadilika kwa namna ambayo hata mimi sikuweza kukataa. Jirani yangu, mzee aliyekuwa akilima mahindi nyuma ya kibanda changu, aling'oa mahindi akajenga vyumba ishirini vya kupangisha. Wenye pikipiki ambao walikuwa wakilala juu ya pikipiki zao mchana kutwa sasa hawakupata nafasi ya kupiga miayo. Akina mama wa Marachi walikuwa wanaleta ndizi na maparachichi asubuhi na kurudi na vikapu vitupu kabla ya saa sita. Kulikuwa na wa kunyoa, wa kusuka, wa kuchapisha karatasi, na mmoja aliyeuza maji ya moto ya kuoga. Tulijua ratiba ya mitihani kuliko majira ya kupanda. Harusi zikapangwa wakati wa likizo, kwa sababu chuo kikiwa wazi hakuna aliyekuwa na nafasi ya kucheza. Mimi nilijua wiki ya mitihani kwa chai: chai inapanda, mayai yanashuka. Siku mkopo wa serikali ulipoingia, makomredi, ndivyo wanafunzi walivyoitana, waliagiza nyama hata kwa kiamsha kinywa, na wiki mbili baadaye wote walikuwa wamerudi kwa maharagwe, wameinama kama watu wa toba.

Siku ya kawaida nilitoa sahani mia moja na themanini. Siku zile nisingeitaja namba hiyo mbele ya mtu yeyote.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyekula kwangu kila siku kuanzia mwaka wake wa kwanza. Alisomea mambo ya uchumi. Alipenda chapati iliyoungua pembeni, na kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka, nilimwekea. Kibanda kikijaa alikunja mikono ya sweta akaosha sahani bila kuombwa, pamoja na wanawake wawili niliowaajiri. Alinijua kuliko watu wengi wa ukoo wangu. Aliniita mama, na mimi, ambaye humshuku hata mtu anayenisalimia mara mbili, nilimwita binti yangu na nilimaanisha.

Basi siku moja asubuhi, nikiwa nageuza chapati, niliinua macho nikaona beseni la muuza omena limepinduliwa. Kisha la muuza nyanya. Kisha mzee wangu wa vyumba, ambaye hata beseni hana, alitoa karai lake la simenti akalipindua mlangoni. Sikuuliza. Niliwaambia wale wanawake wawili waende nyumbani kupitia nyuma. Tulibeba sufuria kubwa ingali na maharagwe ya moto ndani, tukaiweka katikati ya migomba na kuifunika magunia. Nilipindua beseni langu, nikakaa kando ya jiko na kisufuria cha chai, nikajitia homa kidogo.

Aliyeingia alikuwa yule msichana wangu, na ubao wa kuandikia umekumbatiwa kifuani. Wenzake walikuwa wametawanyika njia nzima, kila mmoja na fomu zake. Alisema mhadhiri wao amewatuma. Wanataka kujua chuo kinawasaidia vipi watu wa hapa.

"Kwa nini wanataka kujua?" nilimuuliza.

"Ni utafiti, mama. Makao makuu wameomba."

"Na mwisho wake unaenda wapi?"

"Sijui. Lakini si wa serikali. Ni wa chuo."

"Na chuo ni cha nani?"

Alifikiri. "Cha serikali," alisema.

"Haya basi. Uliza."

Aliuliza nina wafanyakazi wangapi. Nikasema niko peke yangu, na mgongo unaniuma. Aliangalia ndoo mbili za kuoshea sahani na aproni mbili zilizoning'inia msumarini, na akaandika. Aliuliza ninanunua wapi unga na maharagwe. Maharagwe yalitoka Uganda kwa njia ambayo si ya kuandikwa kwenye fomu. Nikasema nalima mwenyewe kidogo nyuma ya nyumba.

"Kwa siku unatoa sahani ngapi?"

Mama yangu angegawanya mara mbili akasema arobaini na tano. Lakini mimi nilikuwa mwoga kuliko mama. Nilikuwa nimeshapoteza Malaba. Niliona leseni ya hoteli kubwa ikija, niliona mtu wa afya akija, niliona mtu akisema kumbe hapa pana kitu, hebu tumpe mtu wetu mahali hapa.

"Kumi na mbili," nilisema.

Kalamu ilisimama. Yeye mwenyewe alikuwa ameosha sahani sitini siku iliyotangulia, mchana tu. Harufu ya maharagwe ilikuwa inatoka migombani na sote wawili tuliisikia.

"Mama, niandike hivyo kweli?"

"Mimi ndiye mwenye kibanda ama wewe?"

Aliandika. Swali la mwisho lilikuwa kama chuo kikihama, biashara yangu itaumia vipi. Nikacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na cha kupoteza. Nikamwambia hata sitajua kimehama. Aliuliza tena, taratibu, kama anayempa mtoto nafasi ya kusahihisha hesabu. Nikamwambia aandike. Aliandika hilo pia, akafunika kalamu, na siku hiyo hakula.

Jioni tulicheka sana. Muuza omena alisema aliwaambia samaki ni wa chakula cha paka. Mzee wa vyumba alisema aliwaeleza kwamba vyumba ishirini ni ghala la mahindi, na alipokuwa anasema hivyo, ghala lilikuwa linapiga redio na suruali za makomredi zilikuwa zimeanikwa mbele yake. Hata yule wa maji ya moto alisema anachemsha maji ya kuoga mwenyewe. Tulijiona wajanja. Nilienda nyumbani nikiwa na amani ambayo sijaipata tena.

Miezi ikapita. Kisha tukaitwa kwenye mkutano ndani ya uwanja wa chuo, chini ya hema, na soda. Soda ndiyo ilinitia wasiwasi, maana hakuna anayekupa soda akikuletea habari njema. Habari njema inatosha yenyewe. Nilikaa safu ya nne, karibu na njia ya kutokea.

Mkuu wa tawi alikuwa mtu mpole, wa kutoka mbali, na alionekana hajalala. Alisema makao makuu wanapunguza matawi. Kila tawi limeombwa lioneshe lina faida gani kwa wenyeji, na yale yenye faida yatabaki. Alisema yeye binafsi alikuwa na uhakika tawi hili litabaki, kwa sababu alikuwa anaona kwa macho yake. Lakini hakutaka kuwasemea watu. Alitaka watu wajisemee, ndiyo maana aliwatuma wanafunzi. Alifungua kitabu chembamba chenye jalada la plastiki, akaanza kusoma.

Alisoma kuhusu ghala la mahindi. Alisoma kuhusu samaki wa paka. Hakutaja mtu yeyote, lakini kila mmoja alijisikia akitajwa, na hema zima tulikuwa tunaangalia viatu vyetu. Kisha akasoma: mama mmoja wa chakula, mkabala na lango, sahani kumi na mbili kwa siku, hana mfanyakazi. Alipoulizwa kuhusu kuhama kwa chuo alijibu kwamba hata hatajua.

Aliinua uso akauliza, karibu kwa kuomba, kama kuna mtu angependa kusema jambo lililo tofauti. Litaandikwa. Bado kuna muda.

Nilisimama. Nikasema, "Hizo sahani si kumi na mbili."

"Ni ngapi, mama?" Alishika kalamu.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mia moja na themanini ilikuwa juu ya ulimi. Ndipo nikaona, safu ya pili, mtu wa leseni wa kaunti, na kofia yake magotini, amegeuka nyuma kunitazama. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa ameitwa kama sisi, na alikuwa anakunywa soda kama sisi. Nyuma yangu nilisikia mzee wa vyumba akikohoa, kile kikohozi cha kumwambia mtu achunge. Na mwili wangu wote, kuanzia mgongo wa mama yangu nilipokuwa nimebebwa juu ya sukari, ulikataa.

"Ni zaidi kidogo," nilisema, nikakaa.

Aliandika. Zaidi kidogo. Hakuna mwingine aliyesimama.

Nilijichukia njia nzima ya kurudi kibandani, ambayo ni hatua mia mbili hivi. Niliwachukia wengine pia, kwa kunyamaza, ingawa nilijua walikuwa wananitegemea mimi nianze na mimi ndiye niliyewakatisha tamaa. Usiku sikulala. Asubuhi nilienda ofisini kwa mkuu na kumwambia namba yote, mlango ukiwa umefungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, naamini. Lakini sasa nikiwaandikia, wataona watu wamesikia wanafungiwa ndipo wakakumbuka." Hata mimi ningeona hivyo. Ningekuwa mimi ndiye makao makuu, nisingejiamini.

Tawi lilifungwa mwisho wa muhula. Vitanda viliondoka kwa lori. Nilisimama mlangoni nikaviangalia vyote vikipita, na sikuona furaha yoyote ya kuwa nilisema tangu mwanzo.

Msichana wangu alikuja kuniaga na begi lake. Wenzake walikuwa wanahamishiwa makao makuu, mbali, na yeye pia. Nilimwekea chapati ya kuungua. Sikutaka kumuuliza, lakini swali lilikuwa limenikaa kooni miezi yote hiyo.

"Ulijua nadanganya. Kwa nini uliandika?"

Aliitafuna chapati polepole. "Mama, wewe ni mtu mzima," alisema. "Nilidhani unajua kitu ambacho mimi sikijui."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningekuwa na la kumjibu. Nilimfungia chapati nyingine nne za njiani, akapanda pikipiki, akaenda.

Sasa ni mwaka wa pili. Nyasi zimefika madirishani kwenye madarasa. Katika vyumba ishirini vya jirani, vitatu vina watu, na vingine viwili kweli vina mahindi. Akina mama wa Marachi hawaji tena. Wanawake wangu wawili nilishindwa kuwaweka. Mmoja anafua nguo Busia, mwingine sijui. Mimi nipo, kwa sababu sina pa kwenda. Napikia walimu wa shule ya msingi, wenye pikipiki, na anayepita. Sufuria kubwa imelazwa nje kando ya ukuta, na kuku hulala ndani yake.

Juzi asubuhi niliona beseni la muuza omena limepinduliwa, nikapindua langu kwa mazoea. Alikuja mwanamume wa makamo, mkoba begani, viatu vinang'aa. Alisema ametumwa kuangalia yale majengo, kwamba kuna chuo cha ufundi kinafikiria kuyachukua, na anataka kujua kwa watu wenyewe pakoje. Alishasimama kwa jirani, na kwa jinsi alivyokuwa anajipangusa jasho nilijua jirani amemweleza nini.

Nilinyoosha mkono nikaligeuza beseni langu likaangalia juu. Nikamwambia aulize chochote.

"Unatoa sahani ngapi kwa siku, mama?"

"Kumi na mbili."

Alitabasamu. Aliangalia urefu wa kibanda, mabenchi manane, meko matatu ya udongo ambayo mawili hayana moto. Akaangalia nje, kwenye sufuria ya kuku. "Mama," alisema, kwa upole wa mtu aliyeonywa kuhusu watu wa mpakani, "sufuria kama ile ni ya sahani kumi na mbili?"

Nilimwambia nilikuwa natoa mia moja na themanini. Nilisema kwa sauti, mlango wazi, na jirani akisikia. Nikamwambia kuhusu wanawake wawili, na maharagwe yalikotoka, na msichana, na hema, na zaidi kidogo. Aliacha kuandika katikati. Niliona anavyoniangalia, na nilijua macho hayo, kwa sababu ni yangu. Alikuwa anapiga hesabu kichwani ni lipi kati ya hayo nimelitunga.

"Kaa," nilimwambia. "Kaa mpaka saa tisa uhesabu mwenyewe."

Alikaa. Aliweka ubao wake magotini, na kila aliyekula alichora mstari mmoja. Walikuja walimu watano pamoja. Walikuja wenye pikipiki wanne. Alikuja mama mmoja na binti yake waliokuwa wanatoka kliniki. Baada ya hapo hakuja mtu, na tulikaa wawili tukiangalia barabara, na inzi, na lango lililofungwa kwa mnyororo. Saa tisa ilipofika alihesabu mistari yake mara mbili. Ilikuwa kumi na moja.

Nilichukua sahani, nikapakua maharagwe yaliyobaki, nikamwekea mbele.